Jibu: Umbali wa 2 unachanganya maneno yasiyohusiana

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba umeweka kikomo cha 2 katika umbali wa Levenshtein (idadi ndogo kabisa ya herufi za kuongeza, kufuta au kubadilisha ili neno moja liwe jingine), na sasa programu yako ya kutafuta makosa ya tahajia inalichukulia "mama" kuwa ni "baba" lililokosewa, sawa na inavyolichukulia "mwanafuzni" kuwa ni "mwanafunzi".

Kabla ya kugusa fomula, hakikisha umeondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni, na umegeuza herufi zote kuwa ndogo, kwa kuwa "Mama" na "mama" tayari zina umbali wa 1. Mimi niliwahi kupoteza siku nzima kwa sababu ya nafasi moja isiyoonekana.

Hesabu yako haina kosa. "Baba" huwa "mama" kwa kubadilisha herufi mbili, na jozi ya pili nayo hupata 2 kwa sababu Levenshtein hajui kupishanisha herufi jirani, bali huhesabu mabadiliko mawili. Tatizo ni kikomo kisichojali urefu. Gawanya umbali kwa idadi ya herufi za neno refu zaidi: jozi ya kwanza itapata 0.5 na ya pili 0.2, hivyo zitatengana bila shida. Ikiwa makosa mengi ni ya vidole kupishana kwenye kibodi, tumia umbali wa Damerau-Levenshtein, unaohesabu mpishano huo kuwa badiliko moja, na jozi ya pili itashuka hadi 0.1.

Kwangu kikomo cha 0.25 kilifaa, lakini orodha yangu ilikuwa ya maneno marefu. Kikomo chako kijaribu kwanza kwa jozi mia moja ulizozikagua kwa macho.