Kupanga Nyumba ya Likizo Katika Mji wa Milimani Wenye Misonobari: Maswali na Majibu

Maswali yafuatayo yametoka kwa wasomaji wanaotaka kupumzika siku chache katika miji ya milimani yenye hewa baridi na misitu ya misonobari, huku wakikaa katika nyumba ya kupanga badala ya hoteli. Nimeyafupisha, lakini kiini chake kimebaki kama kilivyoulizwa.

Swali: Tumezoea joto la mwambao, na mji tunaokwenda uko mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Je, baridi yake ni ya kiasi gani?

Jibu: Kwa wastani, joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo siku ambayo mwambao una nyuzi 30, eneo la karibu lenye mwinuko wa mita 2,000 linaweza kuwa na nyuzi 17 hivi. Hata hivyo, mwinuko peke yake hautoshi kukueleza kila kitu. Baguio nchini Ufilipino uko kwenye mita 1,500 hivi, na Flagstaff katika jimbo la Arizona, Marekani, uko kwenye mita 2,100 hivi. Yote miwili inajulikana kwa misonobari yake, lakini Baguio hakuanguki theluji, ilhali Flagstaff hupata theluji nyingi kila majira ya baridi kwa sababu uko mbali zaidi na ikweta. Angalieni, basi, wastani wa joto la usiku kwa mwezi mnaosafiri, kwa kuwa usiku ndio unaowashtua wageni. Hewa ya milimani ni nyepesi na mara nyingi ni kavu, na anga likiwa halina mawingu ardhi hupoteza joto upesi mara tu jua linapozama.

Jambo ambalo wapangaji wengi hawaliulizi ni mahali nyumba iliposimama. Hewa baridi ni nzito, na usiku huteremka kwenye miteremko ikatuama bondeni, kiasi kwamba nyumba iliyo kando ya kijito huweza kuwa na baridi kali zaidi alfajiri kuliko ile iliyo katikati ya mteremko. Kama nyumba mbili zinalingana kwa bei, mimi ningechagua ya mteremkoni inayopata jua la asubuhi.

Swali: Nimeona nyumba yenye picha za kupendeza, na mwenye nyumba anataka nimtumie fedha zote moja kwa moja ili aniwekee nafasi. Nifanye nini?

Jibu: Usitume. Matapeli wa nyumba za likizo hupenda kuwatoa wateja nje ya mfumo wa malipo wa tovuti, kwa ahadi ya punguzo au kwa kuwatisha kwamba kuna mtu mwingine anayeitaka nyumba leo hii, kwa sababu fedha zikishatoka nje ya mfumo huo ni vigumu mno kuzirejesha. Tafuta picha hizo kwenye intaneti kwa kutumia picha zenyewe, uone kama zimewahi kutumika kwa nyumba ya mji mwingine. Kisha mwombe akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, akuoneshe mlango wa mbele, vyumba na barabara iliyo nje. Mwenye nyumba wa kweli huenda akaomba muda, lakini hatakuwa na sababu ya kukataa kabisa.

Ukiridhika kwamba nyumba ipo, soma jumla ya gharama badala ya bei ya usiku mmoja, maana ada ya usafi, kodi na amana huongezwa mwishoni, na kwa safari ya siku mbili huweza kuigeuza nyumba iliyoonekana rahisi kuwa ghali kuliko hoteli. Siku ya kufika, kabla hamjafungua mabegi, piga picha za kila chumba na za kila kilichovunjika ili amana yako isije ikakatwa kwa uharibifu uliofanywa na wengine.

Swali: Nyumba ina meko ya kuni sebuleni. Je, ni salama kuwasha moto usiku kucha, na tunaweza kuingiza jiko la mkaa vyumbani?

Jibu: Jiko la mkaa lisiingie ndani kamwe, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala huweza kufa bila kuamka. Ninalisisitiza hili kuliko yote niliyoyaandika leo, kwa kuwa wanaokufa namna hii mara nyingi ni familia nzima iliyokuwa ikijaribu tu kujipasha moto.

Milimani hatari hii ina mtego wake. Dalili za mwanzo za sumu hiyo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na hizo ndizo dalili za mtu aliyepanda mwinuko mkubwa kwa haraka, hivyo ni rahisi kujiambia kwamba ni hali ya mlima tu na kurudi kulala. Ikiwa watu kadhaa ndani ya nyumba wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, au mtu anapata nafuu akitoka nje na kuzidiwa akirudi ndani, tokeni nyote mara moja, mkae kwenye hewa safi, na muite msaada wa dharura. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba kama kuna kengele ya kutambua kaboni monoksidi na kengele ya moshi. Kama hazipo, nunueni ndogo ya betri mwende nayo; haichukui nafasi kubwa begini.

Kuhusu meko yenyewe, uliza dohani ilisafishwa lini. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na moshi huo huacha utando mweusi ndani ya dohani ambao huweza kushika moto, kwa hiyo tumieni kuni zilizokauka vizuri na muuache moto uzimike kabla ya kulala. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje na mbali na ukuta, kwani makaa yaliyofunikwa na majivu huweza kubaki na moto kwa siku kadhaa.

Swali: Nitasafiri na mama yangu mwenye shinikizo la damu na mtoto mwenye selimundu. Je, mwinuko utawadhuru?

Jibu: Kwa watu wengi wenye afya njema, ugonjwa wa mwinuko huanza kuonekana juu ya mita 2,500, na miji mingi ya aina hii iko chini ya hapo. Lakini kwa mwenye selimundu, upungufu wa oksijeni, baridi na ukosefu wa maji mwilini vyote huweza kuchochea maumivu makali, kwa hiyo usilipe chochote kisichorejeshwa kabla hujazungumza na daktari wake na kumtajia mwinuko kamili wa mji. Mama naye aonane na daktari wake, na asiache dawa zake. Chagueni nyumba isiyo na ngazi nyingi, iliyo karibu na hospitali, na siku ya kwanza iwe ya kupumzika.

Swali: Je, ni kweli kwamba maharage hayaivi huko?

Jibu: Yanaiva, ila yanachelewa. Kwenye mita 2,000 maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ulizeni kama kuna sufuria ya presha, au loweka maharage tangu usiku.

Swali: Tunafikiria kwenda wakati wa kiangazi, ambapo msitu ni mkavu. Tuna wasiwasi juu ya moto.

Jibu: Wasiwasi huo ni wa haki. Sindano za misonobari zilizokauka, pamoja na utomvu wake, hushika moto kwa urahisi, na upepo huweza kurusha cheche mbali na moto wenyewe. Someni masharti ya kughairi mkiwa na swali hili kichwani: je, mtarejeshewa fedha ikiwa mamlaka itafunga barabara au itaamuru watu waondoke? Masharti mengine hayagusii jambo hilo kabisa, na hapo ni heri kuomba jibu la maandishi. Pendeleeni nyumba yenye barabara mbili za kutokea, ambayo paa na mifereji yake imefagiliwa sindano, na mfuate marufuku yoyote ya moto wa nje bila kujipa ruhusa ya pekee. Pakueni ramani ya eneo kwenye simu kabla ya kupanda, kwa kuwa mtandao wa milimani hukatika, na kila jioni egesheni gari likiwa limeelekea barabarani na lina mafuta ya kutosha kufika mji unaofuata.