Aliyefundisha ngoma ya kiitikio kule Delphi mwaka 1927

Aliyefundisha ngoma hiyo kule Delphi, Ugiriki, si Isadora Duncan, mcheza ngoma maarufu wa Marekani, ni Eva Palmer-Sikelianos, Mmarekani aliyezaliwa New York mwaka 1874 na kuolewa na mshairi wa Kigiriki Angelos Sikelianos. Ni rahisi kuwachanganya wawili hao kwa sababu kaka yake Isadora, Raymond, alimwoa Penelope, dada yake Angelos, na hivyo familia zikaungana.

Katika tamthilia ya Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu Prometheus, iliyochezwa katika ukumbi wa kale wa Delphi, Eva ndiye aliyewafunza wasichana wa kundi la kiitikio, yaani kundi linaloimba na kucheza pamoja katika tamthilia za Kigiriki, kuimba na kucheza kwa wakati mmoja, jambo alilolishikilia mno, na miondoko yao aliitoa katika michoro ya vyombo vya kale vya udongo, ambamo kichwa na miguu huelekea upande huku kifua kikimkabili mtazamaji. Mavazi yao pia aliyafuma mwenyewe kwa kitanda cha mfumi, na kabla ya hapo alikuwa amejifunza muziki wa Kibizanti, yaani muziki wa kale wa kanisa la Kigiriki, kwa mwalimu Konstantinos Psachos. Ni walimu wachache wanaojitolea kiasi hicho. Koula Pratsika, aliyeongoza kundi hilo, baadaye alifungua shule ya ngoma Athens.

Ila tusidai kwamba Eva alifufua ngoma yenyewe ya kale, kwa kuwa michoro huonyesha pozi tu, na namna ya kutoka pozi moja hadi jingine aliibuni yeye. Alifariki Ugiriki mwaka 1952 na kuzikwa Delphi.