Pima Mwili na Njia Kabla ya Kununua Fremu: Nilivyounda Baiskeli Yangu ya Changarawe

Fremu ya kwanza niliyoinunua kwa ajili ya baiskeli ya changarawe ilikuwa ya chuma chepesi, imetumika kidogo sana, na bei yake ilikuwa karibu nusu ya bei ya fremu nyingine nilizokuwa nimeziona. Niliilipia siku hiyohiyo. Ilikuwa namba 58, saizi ya mtu mrefu kuliko mimi, nami nina urefu wa sentimita 174. Nilijiambia kwamba siti inaweza kushushwa na usukani unaweza kusogezwa, na kwa miezi minne nilishusha na kusogeza kila kilichoweza kushuka na kusogea, hadi siku niliyorudi Arusha kutoka Monduli Juu nikiwa sihisi kidole cha mwisho wala cha pete katika mikono yote miwili. Fremu ile niliiuza kwa hasara. Tangu hapo, kila anayeniuliza anunue kifaa gani, namwomba kwanza aniambie vipimo vya mwili wake na barabara anazokusudia kupita, kwa sababu vifaa vyote huchaguliwa kutokana na mambo hayo mawili.

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni kwake, baiskeli ya changarawe ni ile yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, mithili ya baiskeli ya mashindano ya lami, lakini yenye nafasi ya tairi pana, breki za disiki na gia nyepesi za kupandia milima. Aina hii ilikulia katika barabara za mashamba za Marekani, hususan jimbo la Kansas, ambako mashindano ya Emporia yalianza mwaka 2006. Kwetu Afrika Mashariki ilijulikana zaidi baada ya mashindano ya Migration Gravel Race kuanza katika eneo la Maasai Mara mwaka 2021. Barabara zetu za moramu, mchanga wa volkano na mawe yaliyochongoka zinaifaa kweli, mradi iundwe kwa kuzifikiria barabara hizo.

Anza na mguu. Simama pekupeku ukiegemea ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, ukiinue mpaka kikuguse kwa nguvu ileile ambayo siti ingekugusa, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi hupata sentimita 82. Kipimo hicho ukikizidisha kwa 0.883, kanuni iliyoenezwa na bingwa wa Tour de France, Greg LeMond, unapata umbali wa kutoka katikati ya ekseli ya krenki, yaani mikono inayobeba pedali, hadi juu ya siti. Kwangu ni sentimita 72.4. Ichukulie namba hiyo kuwa mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa unene wa soli ya kiatu na urefu wa mikono ya krenki hubadilisha hesabu. Mimi nilianza na sentimita 72, nikawa napandisha milimita 3 kila wiki hadi nyonga zangu zilipoanza kuyumba nikikanyaga, kisha nikarudi chini milimita 3. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi hutokana na siti iliyo chini mno, na maumivu ya nyuma ya goti hutokana na siti iliyo juu mno. Usibadilishe zaidi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichokuponya au kukuumiza.

Baada ya urefu wa siti hufuata umbali wake wa mbele na nyuma. Hapa nilitumia timazi ya fundi mwashi: nilikaa juu ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani, pedali zikiwa sawa na ardhi, rafiki yangu akashusha uzi kutoka chini kidogo ya kifuniko cha goti la mbele hadi ulipofika karibu na ekseli ya pedali. Kanuni hii haina msingi mkubwa wa kisayansi, lakini humweka mtu karibu na pale anapopaswa kuwa. Jambo lililonigharimu ni kosa ambalo wengi hulifanya: nilipoona usukani uko mbali, nilisogeza siti mbele. Uzito wote ukaangukia mikononi, na mshipa wa fahamu upitao upande wa kidole cha mwisho ukabanwa kwa saa nyingi. Siti huwekwa kwa ajili ya miguu. Umbali wa usukani hurekebishwa kwa stemu, yaani kile kipande kinachouunganisha usukani na bomba la foku (uma wa mbele unaoshika gurudumu), na stemu ikishindwa, fremu hiyo si yako.

Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye fremu isikudanganye, kwani 54 ya kampuni moja huweza kuwa 56 ya nyingine. Omba vipimo viwili: umbali wa mlalo na umbali wa wima, vyote vikipimwa kutoka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya shingo ya fremu. Fremu yangu ya sasa ina milimita 383 za mlalo na 568 za wima, na stemu ya milimita 80. Ile ya kwanza ilizidi milimita 400 za mlalo, na muuzaji alikuwa amefunga stemu ya milimita 110. Tofauti ya vidole vitatu tu hapo inatosha kuamua kama utasafiri kilomita 100 kwa raha au kwa mateso.

Kuhusu fremu yenyewe, nimebaki na chuma, na sababu yangu si mapenzi ya mambo ya kale. Fundi mzuri anaweza kukiunga chuma akiwa mbali na mji, ilhali alumini ikipasuka huhitaji kutibiwa upya kwa joto ili irudi kuwa na nguvu yake. Nilichagua pia fremu ambayo tundu lake la krenki lina nyuzi za skrubu za kiwango cha Kiingereza na upana wa milimita 68, kwa sababu beringi zake ni zilezile za baiskeli nyingi za milimani zinazouzwa katika maduka yetu. Lakini mwonye fundi mapema kwamba kikombe cha beringi cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia, kinyume na desturi. Nimeona nyuzi za fremu nzima zikiharibiwa na fundi hodari aliyetumia bomba refu kuongeza nguvu upande usio wake.

Tairi ndiyo sehemu ambayo ningekuomba usiifanyie ubahili. Nikiwa Longido, jiwe lilikata ubavu wa tairi langu la nyuma, nikaenda dukani kutafuta jingine. Nikaambiwa lipo la 28, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba Wazungu huziita ringi zangu 28, nilinunua. Tairi liliingia bila hata kusukumwa kwa kidole. Mzee mmoja fundi, aliyekuwa ameketi chini ya mti na gurudumu la Phoenix mikononi, alinitazama akasema, “Mwanangu, ringi yako si ishirini na nane ya kwetu. Ukijaza upepo litakutoka.” Alisema kweli. Tairi la baiskeli zetu za mizigo, 28 kwa 1½, hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 635, na ringi ya changarawe ni 622. Zinatofautiana kwa milimita 13. Tangu siku ile sisomi namba kubwa iliyochorwa kwa mapambo. Nasoma ile ndogo yenye kistari ubavuni, kama vile 45-622, ambapo namba ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha ringi. Jambo la kufurahisha ni kwamba tairi na tyubu za baiskeli za milimani zinazoitwa 29 hutumia kipenyo hichohicho cha 622, hivyo tyubu ya 29 iliyo nyembamba inaweza kukufikisha nyumbani.

Upana wa milimita 45 unanitosha. Kabla ya kununua, hakikisha fremu na foku zinaacha angalau milimita 6 kila upande wa tairi, kwa sababu wakati wa masika udongo mweusi huganda hapo na gurudumu hugoma kuzunguka, na kumbuka kwamba tairi likifungwa kwenye ringi pana hutanuka milimita moja au mbili zaidi ya ilivyoandikwa. Upepo nao usizidi: kwa uzito wangu wa kilo 68, natumia psi 29 mbele na 32 nyuma. Marafiki waliozoea kujaza tairi mpaka liwe gumu kama jiwe hustaajabu, lakini kwenye barabara iliyokunjamana kama ubao wa kufulia, tairi laini hushika njia na kuupunguzia mwili mtikisiko.

Katika nchi ya migunga sitapanda tena na tyubu kama njia ya kawaida. Ringi na tairi zilizotengenezwa kutumika bila tyubu, zikitiwa dawa ya maji ya kuziba, humeza miiba midogo bila wewe kujua. Dawa hiyo hukauka, tena haraka zaidi kwenye joto. Mimi huongeza kila baada ya wiki sita hadi nane. Bado nabeba tyubu mbili na solusheni ya pancha. Na hapa zingatia sana: siku utakapolazimika kutia tyubu, pitisha kwanza kitambaa polepole ndani ya tairi zima, kwa kuwa miiba yote iliyozibwa kwa miezi mingi ingali hapo, ncha zake zikiwa zimejitokeza ndani, na itatoboa tyubu mpya kabla hujamaliza kuijaza upepo. Beba pia kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia vali nyembamba, kwani pampu nyingi za vibandani ni za vali nene.

Gia nazo huhesabiwa kabla ya kununuliwa. Gurudumu lenye tairi langu husonga takriban mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Gia za baiskeli ya lami zenye meno 34 mbele na 28 nyuma, zikiwa kwenye gurudumu hilo, hukusogeza karibu mita 2.7 kwa kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo ukipanda mlima kwa kilomita 6 kwa saa, utakuwa unakanyaga mara 37 tu kwa dakika, na magoti yatalipa. Nilichagua krenki yenye meno 46 na 30, na kaseti, yaani gia za nyuma, ya meno 11 hadi 36. Kwa mwendo uleule nakanyaga mara 54. Hizo mara 17 ndizo zinazoniwezesha kumaliza kilima nikiwa nimekaa, jambo la lazima kwenye kokoto, maana ukisimama gurudumu la nyuma huteleza.

Tatizo liko katika kuchanganya vifaa. Kila kishikio cha gia huvuta waya kwa kiasi maalumu, na kibadilisha gia kisicholingana nacho hakitatulia hata fundi akirekebisha kutwa nzima. Kwa bahati, vishikio vya Shimano vya lami vya gia 10, vya kizazi kilichotangulia seti yao ya lami iitwayo Tiagra 4700, huelewana vizuri na kibadilisha gia cha nyuma cha Shimano cha milimani cha gia 9. Huo ndio mchanganyiko wangu. Usijaribu kile cha milimani cha gia 10, ingawa namba inalingana. Mvuto wake ni tofauti. Breki za waya zina kanuni kama hiyo: nilinunua kalipa, yaani vibano vya disiki, za baiskeli ya milimani, nikazifunga kwa vishikio vya lami vinavyovuta waya mfupi, na kwenye mteremko wa kwanza nilibana mpaka vishikio vikagusa usukani huku baiskeli ikiendelea kwenda. Nilisimama kwa kuingia kwenye majani ya pembeni. Kalipa za waya hutengenezwa kwa aina zote mbili, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Breki za mafuta ni bora zaidi kwa nguvu na wepesi, nami siwakatazi wanaoishi karibu na fundi mwenye vifaa. Ila mafuta ya madini yanayotumiwa na Shimano si sawa na mafuta ya breki ya DOT yanayopatikana kwa kila fundi wa pikipiki. Akikusaidia kwa moyo mwema na kutia DOT ndani ya breki za mafuta ya madini, mipira ya ndani itavimba na breki itakwisha kazi. Kwa safari zangu nimechagua waya, pamoja na ganda gumu la waya lisilobonyea, ambalo lilibadilisha breki zangu kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuongeza.

Kuhusu usukani nitasema machache: uwe na upana unaokaribiana na mabega yako, na ncha za chini ziwe zimetanuka kidogo ili mikono itulie unapoteremka. Siti ichaguliwe kwa upana wa mifupa ya makalio; kaa juu ya kipande cha boksi kwenye ngazi ya saruji, inuka, kisha pima umbali kati ya vishimo viwili utakavyoviona. Unene wa sponji hauondoi maumivu ya siti yenye upana usiofaa.

Jambo la mwisho katika kuunganisha ni bomba la foku, na hilo ndilo pekee lisilorekebishika likikosewa. Duka litataka kulikata siku ya kwanza ili baiskeli ipendeze. Kataa. Panga pete zote za kunyanyulia, nyingine chini ya stemu na nyingine juu yake, uendeshe kwa wiki kadhaa, uhamishe pete moja moja, na uandike kila badiliko kwenye daftari pamoja na umbali uliosafiri. Mimi niliendesha kilomita 420 nikiwa na bomba linalochomoza juu ya stemu, huku watu wakiniuliza kama nimesahau kumalizia kazi. Usukani ulitulia milimita 25 juu ya mahali nilipodhani ningeutaka. Ndipo nilipotia alama kwa kalamu, milimita 3 chini ya ukingo wa juu wa pete ya mwisho ili kifuniko kipate nafasi ya kukaza beringi, nikaipima alama hiyo mara tatu, na nikampa fundi msumeno.