Maswali ya Wasomaji: Mtu Mweusi katika Filamu za Kutisha za Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, Ijumaa usiku nilitazama filamu za kale za kutisha pamoja na mwanangu mkubwa, akaniuliza kwa nini watu weusi waliomo ni watumishi, wachawi au maiti tu. Sikuwa na jibu. Je, hakuna hata moja ambayo mtu mweusi ndiye mhusika mkuu?
Mama wa watoto watatu, Likoni, Mombasa

JIBU: Mwanao ameona sawasawa, dada yangu. Watu weusi hawakukosekana katika filamu hizo. Walitiwa humo ili mtazamaji awaogope. Chukua White Zombie ya mwaka 1932, inayosimulia habari za Haiti wakati ambapo majeshi ya Marekani, yaliyoingia huko mwaka 1915, yalikuwa bado yanaikalia nchi hiyo. Humo mna kinu cha miwa kinachozungushwa na mazombi, yaani misukule. Mmoja wao anaanguka ndani ya kinu, na wenzake wanaendelea kuzungusha bila hata kugeuza shingo. Kwangu mimi hakuna kinachotisha kuliko hapo, kwa kuwa Haiti ilikombolewa mwaka 1804 na watu waliokuwa watumwa katika mashamba kama hayo. Lakini filamu inampita mtu yule asiye na jina, na huruma yake yote inamwekea bibi harusi mmoja wa Kizungu.

Hata hivyo ipo Night of the Living Dead ya George A. Romero, ya mwaka 1968. Duane Jones, mwigizaji mweusi, ni Ben, ambaye anakimbilia nyumba ya shambani iliyozingirwa na maiti wanaotembea, anatafuta misumari na mbao, anaziba milango na madirisha, na Wazungu waliomo hawana budi kumfuata au kubishana naye. Romero alieleza kwamba alimchagua kwa sababu ndiye aliyefanya vizuri zaidi katika majaribio. Jones, aliyekuwa msomi, aliyarekebisha maneno ya Ben, ambaye awali aliandikwa kama dereva wa lori mwenye lugha ya ovyo, na hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko kuonekana kwake kwenye picha.

Kulipokucha, Ben aliyenusurika peke yake anachungulia dirishani, na wenye bunduki wanampiga risasi wakimdhania maiti. Kisha zinafuata picha zisizotembea, mithili za gazetini, za watu wenye kulabu wakiuchukua mwili wake kwenda kuuchoma. Filamu ilitoka Oktoba, miezi sita tu baada ya Martin Luther King kuuawa kwa risasi.

Ipo pia Blacula ya mwaka 1972, ambayo William Marshall anaigiza mwana wa mfalme wa Kiafrika anayekwenda Ulaya kuomba biashara ya watumwa ikomeshwe. Anza na ile ya Romero, ila itazame kwanza wewe mwenyewe, kwa maana mwisho wake ni mzito kwa mtoto.