Biskuti za Karanga Zina Wenyewe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni kitafunwa gani unachokipenda ambacho ungetaka wasomaji wenzako waijue historia yake?" Mimi najibu bila kusita: biskuti za siagi ya karanga, zile za Kimarekani zenye alama za uma juu, mistari inayokatana kama wavu. Nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma, na huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Columbus, Ohio, ambako napika kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Karanga nilizijua kabla sijajua kusoma. Biskuti zake nimekutana nazo huku.

Aliyenifundisha ni mpishi mwenzetu, mtu mzima, mzaliwa wa Alabama. Jikoni wote tunamwita Mama. Siku ya kwanza alinipa uma akaniambia nikandamize kila tonge mara mbili, kwanza hivi, kisha nigeuze uma nikandamize hivi. Nikamuuliza kama ni urembo tu. Akanijibu kwamba tonge lisipokandamizwa huiva nje likabaki bichi ndani. Baadaye nilijaribu kuacha matonge mawili yalivyo, nikaona mwenyewe. Unga wa biskuti hizi ni mzito kwa sababu ya karanga, hautandazi wenyewe ukipata moto, lazima usaidiwe kwa mkono.

Mapishi ya biskuti hizi ya mwanzoni mwa miaka ya 1910 hayakuwa na uma. Unga ulisukumwa ukakatwa kama biskuti nyingine zozote. Uma unaonekana tarehe 1 Julai 1932, katika gazeti la Schenectady Gazette la jimbo la New York: viringa matonge, kandamiza kwa uma upande mmoja, kisha upande wa pili. Mwaka 1933 kampuni ya unga ya Pillsbury nayo ikayaweka maelekezo hayo katika kitabu chake cha mapishi, na kuanzia hapo uma haukutoka tena. Iangalieni hiyo miaka. Ni wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, nyama hawaimudu, na siagi ya karanga ni chakula cha bei nafuu kinachoshibisha mtoto wa shule. Mimi ninaamini mapishi ya namna hii huanza jikoni kwa mtu kabla hayajafika gazetini, na kwamba mwanamke fulani aliyekuwa na watoto wengi na vyombo vichache ndiye aliyeshika uma kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

Lakini kilichonifanya nizipende biskuti hizi kuliko keki zote za huku ni neno moja.

Mama wa Alabama karanga haziiti kwa jina la dukani. Anaziita "goober", kama walivyoziita bibi zake. Siku moja alilitamka neno hilo mbele ya dada mmoja mwosha vyombo, mzaliwa wa Matadi, Kongo. Yule dada aliacha sufuria kwenye maji, akageuka. "Umesema nguba?" Kwa Kikongo karanga ni nguba. Ndilo neno lenyewe, limevuka bahari ndani ya vinywa vya watu waliopakiwa merikebuni bila hiari yao, likakaa karne na karne Alabama, Georgia na Carolina, na siku ile likasikiwa na mwenyewe aliyezaliwa nalo. Hao wawili walishikana mikono juu ya meza ya unga. Mimi nilisimama na uma wangu, machozi yananitoka.

Karanga zenyewe asili yake si Afrika. Ni za Amerika ya Kusini, na watu wa huko walizithamini mno: katika kaburi la mtawala wa Wamoche, watu wa kale wa huko, lililofukuliwa Sipán, Peru, mwaka 1987, alikutwa na mkufu wenye karanga za dhahabu na za fedha. Wareno ndio waliozileta Afrika katika karne ya 16. Kwetu zilipokelewa haraka, na sababu inaeleweka. Waafrika walikuwa tayari wanalima njugu mawe, ambazo nazo huzaa chini ya ardhi, kwa hiyo mgeni alikuta kiti kimeshawekwa. Kisha biashara ya utumwa ikazivusha tena bahari kwenda Amerika ya Kaskazini, na waliojua kuzilima na kuzipika kule walikuwa Waafrika watumwa, kwenye vijishamba vyao nyuma ya vibanda. Kwa muda mrefu mabwana walizihesabu kuwa chakula cha nguruwe na cha watu weusi.

Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye nataka kila msomaji wa gazeti hili amjue vizuri, kwa sababu anasifiwa kwa jambo asilolifanya na kusahauliwa kwa alilolifanya. George Washington Carver alizaliwa utumwani Missouri. Mwaka 1896 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, Alabama, alimwita akafundishe kilimo huko. Watu wengi, hata Wamarekani, watakwambia Carver ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Siyo. Marcellus Gilmore Edson wa Montreal alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya namna yake ya kusaga karanga mwaka 1884, na Dk. John Harvey Kellogg wa Battle Creek, Michigan, akapata yake mwaka 1898. Wapo wengine pia, na sioni haja ya kuwapanga foleni.

Carver alifanya kazi kubwa kuliko kuvumbua kitu cha kopo. Ardhi ya Alabama ilikuwa imechoka kwa kulimwa pamba mwaka baada ya mwaka, na wakulima weusi waliokodi mashamba walikuwa wamezama kwenye madeni. Carver aliwahimiza wapande karanga, maana zina vinundu kwenye mizizi, na ndani ya vinundu hivyo bakteria hukamata naitrojeni ya hewani na kuirutubisha ardhi. Mwaka 1906 chuo kilianza kutumia gari la kukokotwa lililobeba zana na mbegu, kuwafuata wakulima huko huko waliko. Halafu fukusi wa vitumba vya pamba akaingia Alabama akala mashamba, na wakulima wengi wakageukia karanga. Mji wa Enterprise ulinufaika hata mwaka 1919 ukamjengea mdudu huyo sanamu ya kumbukumbu katikati ya mji. Mama wa jikoni kwetu amekulia si mbali na pale, na ameiona tangu utotoni.

Lakini ukimwambia mkulima maskini apande zao jipya, sharti umwambie pia atalila vipi. Mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula: supu, mikate, vitu vya kuunga, na humo humo biskuti za karanga za aina tatu, za karanga zilizopondwa au kusagwa. Sidai kwamba biskuti ya leo yenye uma imetoka moja kwa moja kwake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyezaliwa mali ya mtu mwingine alikaa akaandika namna ya kumfurahisha mtoto wa mkulima kwa biskuti, na hilo kwangu linatosha kumwekea kiti mezani.

Mimi ni mtu wa Kongwa, siwezi kuzungumzia karanga nikanyamaza kuhusu kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza mradi mkubwa wa karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Babu yangu alifanya kibarua cha kung'oa visiki. Alitusimulia mashine zilivyovunjika kwenye mizizi, na udongo ulivyokauka baada ya mvua ukawa mgumu kama saruji, karanga zimo ndani hazichimbuliki. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Wazee waliojua mvua za pale hawakuulizwa. Mama yangu hadi leo analima karanga Kongwa kwa jembe la mkono, kiasi cha kula na cha kuuza kidogo. Huzikaanga kwa mchanga kwenye sufuria, anazipeta kwa ungo maganda yaruke, anazitwanga kinuni na kuungia mboga. Siagi ya karanga haiiti siagi, maana haina maziwa. Anaiita karanga za kusaga, na mimi naona jina lake ndilo sahihi.

Mapishi ni haya, na ni mepesi kuliko chapati. Kikombe kimoja cha karanga za kusaga, kikombe kimoja cha sukari, yai moja. Hakuna unga wa ngano. Yai ndilo linaloshikanisha. Changanya, viringa matonge ya ukubwa wa limao dogo, kandamiza kwa uma mara mbili, oka dakika 10 hadi 12 kwenye joto la nyuzi 175 za Selsiasi. Zikitoka usiziguse, ziache zipoe kwenye trei, maana zikiwa moto humomonyoka mkononi. Siagi ya kopo haitengani na mafuta yake kwa sababu viwanda vingi huyagandisha kidogo, ujuzi ambao Joseph Rosefield aliupatia hataza miaka ya 1920. Karanga ulizosaga mwenyewe mafuta yake huelea juu, kwa hiyo koroga sana kabla ya kupima, na unga ukiwa na mafuta mno ongeza vijiko viwili vya unga wa ngano.

Mawili nayasema kwa uzito. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupeni, msizionee huruma. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, haimaliziki kwa kukaangwa wala kwa kuokwa. Na kabla hujamkaribisha mgeni biskuti hizi, muulize kama ana mzio wa karanga. Kazini kwetu tuna mzee mmoja ambaye chembe tu inaweza kumuua, na siku ya karanga vyombo vyake tunaviweka chumba kingine kabisa.

Wamarekani wana siku ya biskuti hizi, tarehe 12 Juni. Kila mwaka siku hiyo tunaoka sahani nne kwa ajili ya wazee, na dada wa Matadi ndiye anayekandamiza uma, hakubali mtu mwingine aushike.

Likizo iliyopita nilizioka nyumbani Kongwa. Hatuna oveni, kwa hiyo niliweka mchanga chini ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu yake, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Karanga zilikuwa za shamba la mama, za msimu ule ule. Sahani ya kwanza iliungua upande mmoja, ya pili ikatoka vizuri. Mama alikula moja taratibu, akala ya pili, kisha akasema sukari imezidi inaficha karanga. Nipunguze robo kikombe na nitie chumvi kidogo. Niliporudi huku nikafanya alivyosema, nikampa Mama wa Alabama aonje. Akauliza nani amenifundisha. Sasa jikoni kwetu tunazipika hivyo.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio