Maswali ya Wasomaji: Pampu Ikizimika, Maji Yanakwenda Wapi?

SWALI: Ndugu wataalamu, nimejenga tangi la matumbawe la kioo lenye urefu wa sentimita 200, upana 70 na kimo 60. Kabatini chini yake nimeweka tangi la pili la lita 150 la kusafishia maji, nalo hukaa nusu. Siku ya majaribio nilizima pampu, na baada ya dakika chache sakafu ikawa imelowa. Aliyeniuzia vifaa anasema nifunge valvu ya kuzuia maji kurudi na mambo yataisha. Ni kweli?
— Mwenye Zulia Bovu

JIBU: Pole na zulia. Valvu hiyo itafanya kazi miezi michache, kisha konokono mdogo au ganda la mwani mgumu litakwama kwenye ulimi wake, nawe utagundua siku ambayo umeme umekatika na nyumbani hakuna mtu. Ifunge ukitaka, lakini piga hesabu kana kwamba haipo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uso wa tangi lako ni 200 mara 70, yaani sentimita za mraba 14,000, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji inayoshuka ni lita 14. Pima mdomo wa bomba linalopandisha maji umezama kiasi gani. Kama ni sentimita 8, pampu ikizimika bomba hilohilo hugeuka mrija wa kunyonya, huvuta maji kurudi chini, na haliachi mpaka mdomo wake upate hewa. Sentimita 8 ni lita 112. Ongeza lita kama 15 zilizomo kwenye mabomba na sanduku la kufurikia, lile ambamo maji ya juu humwagikia ili yashuke, unapata 127. Tangi la chini lina nafasi ya lita 75. Lita 52 zilizobaki ndizo zilizolowesha zulia.

Dawa ni kuuinua mdomo wa bomba ubaki sentimita 2 tu chini ya uso wa maji. Hapo zitarudi lita 28 na zile 15, jumla 43, na nafasi itabaki. Kama hutaki mdomo uwe juu kiasi hicho, toboa matundu mawili ya milimita 6 kwenye bomba, usawa huohuo wa sentimita 2, yaingize hewa na kukata mnyonyo. Yasafishe kwa kijiti kila mwezi, maana mwani huyaziba. Kisha zima pampu, subiri maji yatulie kabisa, na upige mstari wa kalamu isiyofutika kwenye tangi la chini, chini ya ukingo kwa nafasi ya kutosha lita hizo 43. Maji yasivuke mstari huo pampu ikiwa inazunguka, hata siku unayobadilisha maji kwa haraka.

Ajali ya pili huenda kinyume, na mafundi wengi huisahau: bomba la kushukia likiziba, pampu itaendelea kupandisha maji mpaka chumba chake ndani ya tangi la chini kikauke. Chumba cha lita 25 kitainua maji ya juu kwa karibu sentimita 1.8. Basi acha sentimita 3 tupu chini ya ukingo. Na usitegemee bomba moja la kushukia. Weka matatu: la kwanza limejaa maji bila hewa, mtiririko wake ukirekebishwa kwa koki ya kuzungusha, la pili linapitisha utiririko mdogo wa ziada, la tatu mdomo wake uko juu kidogo, halina koki, na siku zote ni kavu. Ukisikia maji yanaporomoka kwenye hilo la tatu, jua la kwanza limeanza kuziba. Likitulia kimya na la pili likinong'ona tu, umelipatia.

SWALI: Tangi kama hilo laweza kukaa ghorofani?

JIBU: Lita 840 za maji ya chumvi zina uzito wa kilo 861 hivi. Kioo cha milimita 15 kwa vipimo hivyo ni kilo 174, mawe kilo 70, tangi la chini na maji yake, kabati. Tayari umevuka tani moja na robo juu ya eneo lisilofika mita moja na nusu za mraba. Sakafu nyingi za nyumba za kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Mzigo huu mhandisi aukague kabla hujaagiza kioo.

SWALI: Natia chumvi kwa uangalifu, maji yanayokauka nayarudishia kila siku, lita 9. Nilianza na gramu 35 kwa lita. Baada ya wiki mbili na nusu kipimo kinasoma 41 na matumbawe laini yamejikunyata. Jumla ya maji ni lita 900. Nimekosea wapi?
— Mama wa Kasa

JIBU: Dada, bila shaka unarudishia maji ya chumvi. Kinachokauka ni maji peke yake. Chumvi yote inabaki tangini. Lita 9 zenye gramu 35 kila moja ni gramu 315 za chumvi mpya kila siku, sawa na nyongeza ya gramu 0.35 kwa lita. Zidisha kwa siku 17, ndiyo hiyo 41 yako. Yanayokauka yarudishie kwa maji matamu yaliyochujwa mpaka kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome 0.

Usishushe kwa siku moja. Toa lita 22 hadi 25 za maji ya tangi kila siku, tia kiasi hichohicho cha maji matamu polepole, na baada ya siku 6 utakuwa karibu na 35. Kabla ya hapo, rekebisha refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi, kwa kimiminika maalumu cha gramu 35, usitumie maji matupu: kifaa kinachosoma sifuri sawasawa chaweza bado kudanganya kwenye 35.

Ukifunga pampu inayorudishia yenyewe maji yaliyokauka, pipa lake la maji matamu lisizidi lita 30. Kihisio kikikwama na pipa lote likamwagika, chumvi itashuka hadi karibu 34, na matumbawe yatavumilia. Wanaounganisha moja kwa moja na bomba la nyumba hupoteza matumbawe na sakafu kwa usiku mmoja.

SWALI: Matumbawe magumu yameanza kukua vizuri, lakini ualkali, yaani kiasi cha kaboneti kwenye maji, unaanguka kutoka nyuzi 8.5 hadi 7 (kwa kipimo cha dKH) kila siku mbili. Maji yangu ni lita 900. Nibadilishe maji mara nyingi zaidi?

JIBU: Hapana. Hiyo ni dalili njema: yanajenga mifupa. Gramu 3 za sodiamu baikaboneti hupandisha lita 100 kwa nyuzi moja, kwa hiyo kwako uzi mmoja ni gramu 27. Unapoteza 0.75 kwa siku, basi tia gramu 20 kila siku, zimeyeyushwa kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, nusu asubuhi na nusu usiku, mahali penye mkondo mkali. Kalsiamu nayo hupungua miligramu 7 kwa lita kwa kila uzi, yaani kama 5 kwa siku. Irudishe kwa kloridi ya kalsiamu, lakini saa tofauti. Ukivimimina pamoja utaona wingu jeupe kama maji ya chokaa: vyote viwili vimegeuka unga na matumbawe hayafaidiki. Wingu likitokea hata ukitenganisha, pima magnesiamu, iwe karibu na miligramu 1,300 kwa lita. Na upime ualkali saa ileile kila siku, maana usiku na mchana havilingani.

SWALI: Samaki wana madoa meupe kama punje za chumvi. Nitie dawa ya shaba?

JIBU: Si kwenye tangi la matumbawe. Shaba huua matumbawe, kamba na konokono, na mawe huinyonya yakaitoa kidogo kidogo baadaye. Wahamishe samaki wote, hata wanaoonekana wazima, kwenye tangi tupu lisilo na mawe wala mchanga, watibiwe huko. Tangi kuu likae bila samaki, ili vimelea vinavyoleta madoa vife kwa kukosa wa kumshambulia. Wafugaji wengi hushika siku 76. Ndoo, wavu na mikono iliyolowa isipite kutoka tangi moja hadi jingine katika muda huo.