Kabla ya Kununua Unga, Uliza Kama Kuna Sufuria

Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipotufurikia huku Kisauni, Mombasa, ng'ambo ya kisiwa, msaada ulioanza kuingia ulikuwa unga wa mahindi na maharagwe makavu. Nia njema, lakini watu walikuwa wamelala madarasani, majiko yamechukuliwa na maji na mkaa umelowa chapachapa. Maharagwe yanataka saa mbili au zaidi motoni, na maji safi ndiyo hayo hayapatikani.

Kwa hiyo mkichangishana, siku za mwanzo pelekeni kinacholiwa vile vile kilivyo: mikate, mahamri, tende, ndizi, maji ya chupa. Au pikeni nyinyi. Sufuria kubwa za harusi hazikosekani Mombasa, na mpishi wa shughuli anajua kukadiria mchele wa watu mia tatu kuliko sisi wenye huruma na simu mkononi. Mwambieni tu asitie nazi. Najua wali bila tui unatuuma, ila tui huchacha upesi kwa joto letu. Na chakula kikishaepuliwa kiliwe ndani ya saa mbili. Ukipikia kisiwani kuleta Kisauni, hesabu na foleni ya Daraja la Nyali.

Unga una zamu yake, watu wakishapata pa kuwasha moto. Mtu mmoja huhitaji takriban kalori 2,100 kwa siku. Kwa familia ya watu watano, wiki nzima, hiyo ni kama kilo 14 za unga au mchele, kilo 2 za maharagwe, karibu lita moja ya mafuta, na chumvi. Tieni na mkaa, kiberiti na dawa ya kutibu maji. Kipindupindu hupenda mafuriko.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msigawe ovyo. Chupa ikioshwa kwa maji machafu, mtoto ataharisha. Mpeni mama anayenyonyesha chakula cha kutosha, aendelee kunyonyesha.

Orodha ya majina iandikwe na mzee wa mtaa pamoja na kina mama wawili watatu wa hapo hapo, maana wao ndio wanaojua nani ana mgonjwa ndani asiyeweza kupanga foleni. Huyo apelekewe alipo. Na kamera zibaki mfukoni: hakuna anayependa kuonekana na jirani zake akipokea pakiti ya unga.